Kuwatafutia Wajane Mume

Naapa kwa magoti yangu yote mawili, lile zima na lile linalolia kama bawaba, kwamba habari hii ni ya kweli tupu, mwanzo mpaka mwisho. Mke wangu akikuambia vingine, mpuuze. Huyo mwanamke nikimwambia mvua inanyesha, anatoka kwenda kuanika nguo.

Nilifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye ghala la mimea mikavu. Watu wakisikia ghala wanafikiri magunia. Hapana. Ni chumba kirefu chenye makabati ya chuma, na ndani ya makabati kuna mimea iliyobanwa, ikakaushwa, ikashonewa kwenye karatasi ngumu, kila mmoja na lebo yake kwenye kona ya chini: jina, tarehe, mahali ulipochumwa, na mtu aliyeuchuma. Chumba kinanuka dawa ya wadudu mpaka ukirudi nyumbani nzi wanakupisha njia. Mimi niliingia pale na ufagio. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini mtu akifagia mbele ya makabati mia mbili kwa miaka minne, na akawa hana haraka, atasoma tu. Nilijua majina ya Kilatini ya majani kabla sijajua majina ya majirani zangu.

Daktari alikuja mwaka wangu wa tano. Si daktari wa sindano, wa mimea. Alikuwa msichana mwembamba mwenye viatu vya kiume na begi lililomzidi uzito, na kazi aliyoisomea ilikuwa moja tu, kulinda mimea ya asili inayoelekea kwisha. Siku ya kwanza alinikuta nimeegemea ufagio, nimefungua droo, nasoma. Nikajua leo nafukuzwa.

"Kaka, huo unauonaje?" akaniuliza.

"Huu si wa kabati hili," nikasema. "Umelala kwa jirani."

Akautazama, akacheka, akaurudisha kwenye kabati lake. Tangu siku hiyo nikawa mtu wake. Akiniita kaka, mambo shwari. Akiniita mzee, hata enzi zile nikiwa kijana, nilikuwa naangalia mlango uko wapi.

Mwaka uliofuata alinituma mlimani peke yangu kukusanya chochote chenye ua. Hiyo ndiyo safari iliyonipa jina. Ukungu wa mlima ule ni mzito kiasi kwamba nilipiga chafya asubuhi, nikaisikia inarudi baada ya chakula cha mchana. Nilipanda siku mbili. Siku ya tatu, upande wa kaskazini, chini ya jiwe kubwa lenye umbo la ngamia aliyelala, nikakuta kichaka kifupi chenye majani ya kijivu na maua madogo ya njano. Nyoka mnene kama paja alikuwa amekizunguka. Tulitazamana mpaka yeye akaona aibu. Nikachuma, nikabana kwenye magazeti, nikarudi na sampuli thelathini. Kile kichaka kiliandikishwa ghalani kama namba mia nne na kumi na mbili. Hakuna aliyekijali. Kikaingia kwenye rundo la mimea isiyojulikana, kikakaa huko miaka minane.

Katikati ya miaka hiyo ndipo walipokuja Wajane.

Barabara mpya ilikuwa inapita kwenye bonde moja, na Daktari akapata habari kwamba trekta la kusukuma udongo litafika Jumatatu. Jumamosi tukaenda na ndoo. Alikuwa anatafuta kichaka ambacho vitabu vilisema kimeshatoweka miaka sitini nyuma, na akakipata, vichaka saba, vimejificha kwenye kingo za mto kama wadaiwa. Tulivichimba na udongo wake. Daktari alirudi amekaa chini kwenye sakafu ya gari, ndoo katikati ya miguu, anaongea navyo njia nzima. Vyote saba viliishi. Akavijengea banda la vioo nyuma ya ofisi, na mwaka wa pili vikachanua.

Akachukua kioo cha kukuzia, akakagua ua moja baada ya jingine. Alipomaliza akakaa juu ya ndoo.

"Majike," akasema. "Yote saba."

Mmea ule una jike peke yake na dume peke yake, kama sisi. Bila dume hakuna mbegu. Ukikata tawi la jike ukalichomeka ardhini, hilo tawi halioti mizizi, linakauka tu na kiburi chake. Kwa hiyo tulikuwa na majike saba yasiyo na mume popote duniani, na wafanyakazi wakayaita Wajane.

Daktari alipokuwa anapekua lile rundo la mimea isiyojulikana ndipo nilipomsikia anapiga ukelele. Nilifikiri panya. Nilimkuta ameishika karatasi namba mia nne na kumi na mbili kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. "Kaka! Dume! Ulimpata mwenyewe, kaka!" Akasoma lebo kwa sauti: mlima, kaskazini, jiwe la ngamia. Mkurugenzi wa wakati huo akaja mbio, nikapigwa picha. Kabla ya mwezi kwisha nilivuliwa ufagio, nikaitwa mkusanyaji mkuu, na cheti changu kikatundikwa ukumbini ndani ya fremu.

Tangu hapo, kila msimu wa maua, tulipanda mlima kumtafuta mume wa Wajane. Ukitoa ile miaka mitatu ambayo ofisi haikuwa na mafuta ya gari, tulipanda mara kumi na tisa. Daktari mbele, mimi nyuma na begi. Nilikuwa namwonyesha jiwe la ngamia, analipima kwa kile kidude cha setilaiti, anaandika kwenye daftari, tunatambaa kulizunguka siku tatu. Hakuna kitu. Mwaka mmoja nikamwambia mbuzi wamekula. Mwaka mwingine, moto wa nyika. Mwaka mwingine nikasema ngamia ninayemkumbuka alikuwa na shingo ndefu zaidi. Alinisikiliza, akafuta miwani, akaendelea kutambaa.

Hiyo ndiyo kazi ambayo watu wanaitazama kwenye picha wakasema, aa, anapenda maua. Ni kuandika ripoti zisizosomwa. Ni kukaa kwenye semina za siku nne kusikiliza mtu asiyejua kumwagilia. Wakurugenzi sita walipita, kila mmoja akapiga picha na Wajane, kila mmoja akaahidi bomba jipya la maji. Mjukuu wa kwanza wa Daktari alizaliwa sisi tukiwa mlimani. Aliposhuka akapata mtandao, simu ikalia mfululizo mkononi mwake kama debe la kokoto. Alisoma ujumbe, akakaa kwenye jiwe, akavua viatu. "Wa kike," akasema. "Wamempa jina la bibi mwingine." Akavaa viatu, tukaondoka.

Wajane nao walikuwa wanapungua. Mmoja alioza mizizi. Wawili waliondoka na kiangazi cha mwaka ule bomba lilipokauka. Mwingine alivunjwa na mgeni wa mkurugenzi aliyekuwa anatafuta pembe nzuri ya picha. Mimi nilistaafu wakiwa watatu, na watatu hao walikuwa wamefanya mashina manene, yenye magamba. Nikawa nakuja kwa msimu tu, kubeba begi.

Mwaka huu ikawa zamu ya Daktari kustaafu. Mkurugenzi mpya, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, akaja bandani akamwambia waziwazi, "Mama, mmea usiozaa si uhifadhi, ni chungu cha maua. Mwisho wa mwezi banda linabomolewa, tunahitaji mahali pa kuegesha magari." Daktari akamuuliza na Wajane waende wapi. Akasema wapelekwe mapokezi, watapendezesha.

Siku mbili baadaye Daktari alinipigia simu nikamsaidie kufunga vitu. Nikaingia ofisini kwake, chumba chenye rafu zilizopinda kwa uzito wa magazeti. Mezani alikuwa ametandaza ramani ya mlima na madaftari kumi na tisa.

"Kaa, mzee."

Nikaangalia mlango.

"Nimesema kaa. Hiki ni nini?" Kidole kiko kwenye ramani.

"Pini."

"Pini ya nini?"

"Nyekundu."

"Usinichezee. Hilo ni jiwe lako la ngamia, safari ya kwanza. Nililipima mwenyewe. Na hii?"

"Pini nyingine."

"Jiwe la ngamia, safari ya sita. Kilomita mbili na nusu kutoka la kwanza. Na hii ni ya safari ya kumi na nne, iko ng'ambo ya mto. Miaka yote nimeandika vipimo na sikuwahi kuvipanga pamoja. Nilikuwa nakuamini, kwa hiyo nilikuwa naandika tu."

"Daktari, mlima ule una mawe mengi. Na ngamia wanafanana."

"Ngamia wako anafuata malisho?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amejiinamia, mikono imelala juu ya madaftari, na nikaona jinsi vidole vyake vilivyovimba kwenye maungio.

"Sina nguvu ya kugomba," akasema. "Nimebakiza wiki tatu. Niambie tu ulimchuma wapi."

Na wewe uliyenifuata mpaka hapa na kuamini ile chafya na yule nyoka, naomba radhi. Mlimani sikufika. Asubuhi ile gari la kwenda huko liliniacha, jua likawa kali, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa anakaa pembezoni mwa mji karibu na tanuri la zamani la matofali, na alikuwa na kitanda cha ziada. Nililala kwake siku tatu. Siku ya tatu jioni nikakumbuka kwamba magazeti yangu ni matupu. Nikatoka, nikazunguka lile tanuri, nikachuma kila kilichokuwa kibichi ndani ya urefu wa mkono wangu, nikajaza. Halafu nikakaa kwenye ngazi za shemeji nikaandika lebo, na kwa kuwa nilikuwa naandika, nikaona niziandike vizuri.

Nikamweleza Daktari yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo zile nyingine ishirini na tisa..."

"Zote za kwa shemeji."

"Mzee, nimeandika kitabu cha mimea ya mlima ule."

"Nilikisoma. Kizuri."

Akafumba macho. "Mara kumi na tisa," akasema. "Ulipanda na mimi mara kumi na tisa, begi mgongoni, ukijua. Kwa nini hukusema?"

"Mwaka wa kwanza niliogopa kurudishiwa ufagio. Wa pili niliona aibu. Kuanzia wa tatu nilikuwa nimechoka, Daktari, na uongo ulikuwa umeshaijua njia, unatembea wenyewe." Halafu nikasema na lile ambalo mke wangu ndiye peke yake aliyelijua. "Nilirudi pale kwenye tanuri mara moja, kimyakimya. Shemeji alikuwa ameshahama. Nilikuta ukuta, mlinzi na mbwa. Nikajiambia wamekwisha kukikata. Nikaona nikubebee begi, angalau."

"Ulijiambia."

"Nilijiambia."

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alivaa viatu vyake, akachukua darubini, akasema, "Inuka."

Tanuri lenyewe lilikuwa limebomolewa, pamebaki bomba la moshi tu, limesimama katikati ya yadi ya milango na madirisha chakavu. Milango mamia, imeegemezana, mingine bado ina namba za nyumba. Mwenye yadi ni mama mnene mwenye kalamu sikioni, wateja wake wanamwita Mama Milango.

"Karibuni. Mnatafuta ukubwa gani?"

"Tunatafuta mume," nikasema.

Akatupima. "Wa nani, wako au wa dada?"

"Wa wajane watatu."

"Hapa ninauza fremu, baba. Wanaume siku hizi wanakuja bila bawaba."

Daktari hakuwa na hali ya mzaha. Alimwuliza kama kuna kichaka cha majani ya kijivu mahali popote. Mama Milango akanyoosha kalamu juu. "Hicho kinachokula bomba langu? Fundi anakuja Alhamisi kukikata."

Ilikuwa Jumanne. Nikainua macho. Kile cha chini nilichokichuma kiliondoka na tanuri, lakini pale juu, urefu wa nyumba ya ghorofa, kingine kilikuwa kimetoka kwenye ufa wa matofali, kimening'inia upande mmoja kama mtu anayechungulia mtaani. Daktari akaweka darubini machoni. Akaegemeza viwiko kwenye mlango. Alitazama muda mrefu mpaka mteja mmoja akamwomba apishe.

"Dume," akasema. "Limechanua."

Hakulia safari hii. Alikaa juu ya mlango uliolazwa, akavua kiatu cha kulia, akaanza kujikanda mguu.

Mama Milango alielewa haraka kuliko wakurugenzi wote sita. Fundi akaambiwa asije. Ngazi ndefu ikaletwa. Nikamwangalia mbeba milango mmoja, kijana mwenye kifua.

"Usimwangalie huyo," Daktari akasema. "Utapanda wewe."

"Daktari, nina miaka sitini na saba."

"Mimi ninayo sitini, na mlima nilikuwa napanda."

Nikapanda. Sitaongeza chumvi, sikuona mawingu wala tai. Niliona kutu ya ngazi na vidole vyangu vyeupe. Kazi yenyewe iko hivi: chavua, ule unga wa ua dume, unakufa haraka. Kwa hiyo unakata maua machache asubuhi, unayatia kwenye kikopo chenye pamba, unapanda basi ukiwa umekikumbatia, unafika bandani kabla jua halijakaza, na unampaka kila Mjane kwa brashi ndogo, ua kwa ua. Kesho Wajane wanafungua maua mengine, na kichaka kinafungua mengine, na wewe unapanda tena. Maua yao yanadumu wiki mbili, na siku tatu zilikuwa zimeshapita.

Kila asubuhi nilimkuta Daktari ameshafika yadini, amekaa kwenye kiti alichopewa na Mama Milango, mwavuli mkononi. "Kushoto umeacha moja," anasema. Nikitua tu chini ananipokonya kikopo, anahesabu, ananirudisha juu. Usiku nilikuwa nalala na miguu imeinuliwa ukutani. Mke wangu alinipaka dawa ya misuli bila kusema neno, na kwa mwanamke yule kunyamaza ni hotuba.

Siku ya kumi, Mjane mkubwa kuliko wote aliangusha maua yake yote chini kwa pamoja. Siku ya kumi na moja, wa pili akafanya hivyohivyo. Walikuwa wazee mno. Daktari aliyafagia yale maua kwa mkono, akayatia kwenye bahasha, akaandika tarehe. Wa tatu, yule mfupi wa kwenye kona, ambaye hakuna mkurugenzi aliyempiga picha, alibaki na maua manne. Wiki iliyofuata mawili yalikuwa yamevimba chini, kila moja kiasi cha punje ya mtama.

Daktari alimleta mkurugenzi kwa mkono, akampa kioo cha kukuzia. Kijana aliinama na viatu vyake vinavyong'aa, akatazama, akauliza yataiva lini. Miezi minne, akaambiwa. Akakuna shingo. "Basi banda libaki miezi minne," akasema. "Baada ya hapo tutaona." Hiyo ndiyo pensheni aliyopewa Daktari kwa miaka thelathini na miwili, na aliipokea kwa mikono miwili.

Nilifikiri nimemaliza kulipa. Siku ya mwisho ya mwezi, vitu vyake vikiwa vimeshafungwa kwenye maboksi, aliniita ghalani. Cheti changu kilikuwa kimeshushwa ukumbini, kimeegemezwa ukutani, uso umegeuzwa. Mezani palikuwa na karatasi thelathini, mimea thelathini ya kwa shemeji, na rundo la lebo tupu.

"Andika upya. Kwa mkono wako. Mahali halisi, na chini, sababu ya marekebisho."

Nikaanza. Kwenye sababu nikaandika: kosa la uandishi. Akaichukua, akaichana.

"Sababu?"

"Uvivu," nikasema.

"Na?"

"Uongo wa mkusanyaji."

"Andika."

Nikaandika mara moja, nikaandika mara ishirini na tisa, mpaka kidole cha kati kikaota sugu. Yeye alikuwa amekaa mbele yangu, amefumba macho, kichwa kimeegemea kabati la chuma. Nilidhani amelala. Ya mwisho ilikuwa namba mia nne na kumi na mbili. Nikaandika tanuri la matofali, nikaandika ukuta, halafu, sijui mkono ulipatwa na nini, nikaandika: kichaka cha kimo cha mita mbili, kimesheheni maua.

Bila kufumbua macho akanyoosha mkono. Nikampa. Akasoma.

"Mita ngapi, mzee?"

Nikaangalia mlango.

"Ngapi?"

"Kilinifika gotini."

"Na maua?"

"Sikuyahesabu. Giza lilikuwa linaingia."

Akanisogezea lebo nyingine tupu, akairudisha kalamu mkononi mwangu, na safari hii akakaa macho.